Matairi 31 ya Naguru: Tairi Linatoka Wapi na Linaishia kwa Nani

Zamu ya insha ya historia ni yetu sisi wa Naguru. Pengine mlitegemea habari ya wafalme au ya vita. Sisi tutaandika habari ya tairi. Msicheke kwanza, ngojeni tufike Kongo.

Mambo yalianza hivi. Nyuma ya chumba chetu cha mikutano, huku Naguru Go-Down, kulikuwa na matairi chakavu 32. Yaliletwa na mradi wa shirika moja, jina tunaliacha. Wazo lilikuwa zuri: mengine yapakwe rangi yawe viti vya watoto, mengine yajazwe udongo tupande sukuma na lenga-lenga. Picha zilipigwa, watu walipiga makofi, soda zikanywewa. Mradi ukaisha mwezi wa sita. Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, rangi ilikuwa imeshabanduka, udongo umeshuka, na maji yakajaa ndani ya yale yaliyobaki matupu. Mbu wakaanza kutuuma, tena mchana kweupe, watoto wakiwa wanasoma.

Ijumaa moja asubuhi tukakubaliana kuyachoma. Tulianza na moja, ndilo la kwanza na la mwisho. Mafuta ya taa kidogo tu, likashika. Moshi haukupanda kama moshi wa kuni. Ulikuwa mweusi, mzito, ukashuka na kuingia kwa majirani kupitia juu ya milango. Mama mmoja ambaye mtoto wake ana pumu alitoka na mtoto mgongoni. Hakutukana. Alisema tu, "Wanangu, mnaniulia mtoto," kisha akaenda kukaa kando ya barabara hadi jioni. Tulimwaga maji, moto ukazimika juu na kuwaka tena ndani. Mwishowe tulifukia kwa mchanga. Jioni palibaki waya uliokunjamana na mafuta meusi yaliyonata ardhini, na mahali pale majani hayajaota mpaka leo.

Yakabaki 31. Tukajiuliza: hiki ni kitu gani kisichotaka kufa? Hapo ndipo tulipoanza kusoma.

Tuanze na jina. Katika grupu letu peke yake tairi lina majina mengi. Sisi wa Kivu tunasema pine, tulilipata kwenye Kifaransa, na Wanyarwanda nao hivyohivyo, ipine. Wenzetu wa Sudan wanasema lastiki. Waganda wanaita omupiira, na ni neno hilohilo la mpira wa miguu. Kiswahili cha vitabuni kinasema tairi, lakini kitu chenyewe kimetengenezwa kwa mpira. Kwa hiyo historia ya tairi ni historia ya mpira, na historia ya mpira haiwezi kuandikwa bila Kongo.

Mpira wa asili ni utomvu mweupe wa miti na mitambaazi fulani. Zamani ulikuwa na shida: ukipata joto unayeyuka na kunata, ukipata baridi unapasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupika, unabaki imara na unanyumbuka, joto au baridi. Hapo ndipo kuna siri yote ya matairi yetu 31. Plastiki ya beseni ukiipasha moto inayeyuka, unaweza kutengeneza beseni jingine. Mpira uliopikwa na salfa hauyeyuki tena, unaungua tu. Posho iliyoiva hairudi kuwa unga.

Mwaka 1888 huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mwanawe. Baba alitaka mtoto asitikisike njiani, basi. Baada ya muda mfupi Ulaya yote ilitaka baiskeli, baadaye magari, na bei ya mpira ikapanda sana.

Wakati huohuo, tangu 1885, nchi yetu ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Misitu yake ilikuwa na mitambaazi ya mpira, na mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga, kwa hiyo alijua ana miaka michache ya kupata faida kubwa. Kampuni zilipewa maeneo makubwa. Moja iliitwa ABIR, ilianza 1892, katika msitu wa Ekwateri. Kila kijiji kiliwekewa kiasi cha mpira. Wanaume waliingia msituni siku nyingi, wakakata mitambaazi, wakajipaka utomvu mwilini ukauke, kisha wakaubandua pamoja na nywele za ngozi. Wake zao walishikwa mateka mpaka mpira ulete uzito uliotakiwa. Kijiji kikishindwa, walikuja askari wa Force Publique. Askari alitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi wake ulikuwa mkono uliokatwa.

Kuna picha ya mwaka 1904 ambayo wengi wenu mmeiona kwenye simu bila kujua ni ya nini. Baba ameketi barazani, anatazama vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Baba huyo ni Nsala, wa kijiji cha Wala. Mbele yake ni mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyekuwa na miaka kama mitano. Aliyepiga picha ni mmisionari Alice Seeley Harris, kule Baringa. Mwaka huohuo ilitoka ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezunguka huko 1903 akiwasikiliza watu. Kelele zilikuwa kubwa hadi Leopold akalazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hiyo mwaka 1908.

Tuseme ukweli, wengi wetu humu tunatoka Kivu na Ituri. Msitu wa Ekwateri uko mbali na kwetu, na hatutaki kudai machungu ya watu wengine kama ni yetu. Lakini mmoja wetu, mama yake anatoka upande wa Mbandaka. Tulipomtumia picha ile alijibu kwa neno moja tu: "Najua."

Mpira wa porini ulipoisha thamani, ulimwengu ulihamia kwenye mashamba ya Asia, yaliyoanzishwa kwa mbegu ambazo Mwingereza Henry Wickham alizitoa Brazil mwaka 1876. Lakini mwaka 1942 Japani iliteka Malaya, na nchi zilizokuwa zikipigana nayo zikakosa mpira. Walikumbuka tena Kongo. Serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kukata mitambaazi ileile waliyosimuliwa na baba zao. Safari hii ilikuwa kwa ajili ya matairi ya malori na ndege za vita.

Sasa turudi upande huu wa Ziwa. Afrika Mashariki nayo ilijaribu kutengeneza matairi yake. Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee wa Tanzania bado wanakisifia. Nairobi kulikuwa na kiwanda kilichoanza kwa jina la Firestone, baadaye kikawa cha Sameer na matairi yake ya Yana. Cha Arusha kilisimama, cha Nairobi kilifungwa 2016. Leo matairi mapya yanatoka Asia kwa wingi, na mengine yanaingia yakiwa miguuni mwa magari ya mtumba, kutoka Japani hadi Mombasa, kisha barabara hadi Kampala. Tangu mwishoni mwa 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Gari la miaka 14 linaingia, na miguu yake ikiwa imechoka vilevile.

Hivyo tairi linamaliza maisha yake hapa kwetu. Tajiri alitembea nalo likiwa zuri, sisi tunalizika.

Naguru ni mahali pazuri pa kufikiria habari hizi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi Waafrika Nakawa na Naguru. Mtafiti Mwingereza David Parkin aliishi kati ya watu wa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu. Alikuta Wajaluo na Waluhya wengi kutoka Kenya, Kiswahili kikisikika kila kona. Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili chako ni cha wakimbizi, mwambie kilifika Naguru kabla ya mama yako kuzaliwa. Mwaka 2011 nyumba zile zilivunjwa, familia nyingi zikatolewa, na eneo likabaki wazi miaka mingi huku watu wakigombania ardhi. Sisi tulikuja baadaye, tukapanga vyumba huku Go-Down, chini ya kilima chenye majumba ya wakubwa.

Takataka za Kampala, za mlimani na za bondeni, zilikuwa zinaenda Kiteezi tangu 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lile rundo lilimeguka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tunaandika hili kwa sababu wakati tunabishana juu ya matairi, kijana mmoja wetu alisema, "Si tuwape watu wa gari la taka tu?" Tairi zima ndani ya jalala ni balaa. Limejaa hewa na gesi ndani ya duara lake, na hupanda juu polepole likipasua udongo uliofunika taka. Nchi za Ulaya zilikataza kufukia matairi mazima mwaka 2003, na yaliyokatwakatwa mwaka 2006. Je, hapo tatizo liliisha? Hapana, sehemu lilihama. Uingereza, kwa mfano, husafirisha matairi chakavu mengi hadi India.

Na wao pia wamefanya ujinga wao, tusidhani ni sisi tu. Huko Florida, miaka ya 1970, walizamisha matairi karibu milioni 2 baharini wakisema samaki watapata makazi. Kamba zilikatika, matairi yakatembea na mawimbi na kuvunja matumbawe ya kweli, na wapiga mbizi bado wanayatoa. Hagersville, Kanada, rundo la mamilioni ya matairi liliwaka Februari 1990 na moto ukachukua siku 17 kuzimwa. Tuliposoma hayo tulikumbuka lile letu moja na ndoo zetu tatu za maji.

Moto wa matairi Kampala una historia yake. Septemba 2009, Kabaka alipozuiwa kwenda Kayunga, na Novemba 2020 baada ya Bobi Wine kukamatwa, matairi yaliwaka barabarani. Wenzetu wa Goma na wa Khartoum wanajua harufu hiyo. Wengi wetu tukiisikia tunafunga mlango kabla ya kuuliza. Kuna matumizi mengine ya tairi na moto ambayo wengine wetu tuliyaona kwa macho, na hatutayaandika hapa. Lakini mfanyakazi wa shirika akishangaa kwa nini watoto walikimbia siku ile tulipochoma moja tu, jibu ni hilo.

Sasa mbu. Watu husema matairi yanaleta malaria. Si hivyo hasa. Mbu wa malaria huuma usiku na hupenda zaidi madimbwi ya ardhini. Anayependa tairi ni mbu mwingine, aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na chandarua chako hakimhusu. Hutaga mayai ukutani mwa tairi, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Hivyo ndivyo ndugu yake mmoja wa Asia alivyosafiri: mwaka 1985 alipatikana Houston, Marekani, na wataalamu wanaona aliingia ndani ya matairi ya mtumba kutoka Japani. Mbu naye husafiri bila karatasi, hakuna anayemwuliza kitambulisho.

Magonjwa yake ni ya nyumbani kwetu. Virusi vya Zika vina jina la msitu ulio jirani na Entebbe. Mwaka 1947 watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano walimweka kima kwenye kizimba huko, akapata homa, na ndani ya damu yake wakakuta kitu kipya. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la mtu anayejikunja kwa maumivu. Ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika, 1952 hadi 1953. Ongeza homa ya dengue na homa ya manjano. Tairi moja lenye maji nyuma ya chumba cha watoto linatosha kwa wote hao.

Lakini tusiseme mabaya tu, juu watu wetu walijua kazi ya tairi kabla mradi wowote haujafika. Goma, chukudu hubeba magunia ya viazi na makaa kushuka milima, na magurudumu yake ya mbao yamevishwa vipande vya tairi la zamani. Kuna hata sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Waganda wana lugabire, Wakenya wana akala, Watanzania wana katambuga, ni kiatu kilekile cha tairi kisichoisha. Babu wa mmoja wetu alikuwa na jozi moja tangu enzi za Mobutu, na ilikuwa inaogopwa na watoto wote wa nyumba ile.

Tulimtafuta mzee mmoja anayeshona lugabire si mbali na soko la Nakawa. Alikuja, akazunguka rundo letu akigonga kila tairi kwa kisu, akatuchekea. Akasema, "Vijana, mlifikiri kila tairi ni kiatu?" Anataka yenye nailoni ndani. Matairi mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma, na hayo yanakula kisu na kumchoma mvaaji. Katika 31 alichagua 9. Akatulipa kidogo, tukanunua sabuni.

Yakabaki 22. Kati ya hayo 12 tuliyafanya ngazi kwenye mteremko wa kuelekea bombani, pale ambapo akina mama walikuwa wakiteleza na madumu. Tuliyalaza, tukajaza udongo na kokoto, tukashindilia kwa gogo mpaka hakuna tundu la maji. Kazi ilichukua Jumamosi mbili, na yule mama wa mtoto mwenye pumu alituletea chai Jumamosi ya pili. Hatukuzungumza habari ya moshi. Manane tuliyabakiza kuwa viti, kila moja tukalitoboa matundu manne chini kwa msumari uliochomwa moto, mvua ikinyesha maji yapite. Mboga hatupandi tena ndani yake. Tairi lina madini ya zinki na vitu vingine, na sisi hatutaki kuwalisha watoto kitu tusichoweza kukipima. Tumepanda maua.

Mawili yaliyopasuka, waya nje, hakuna anayeyataka. Tuliuliza. Kuna njia nyingine duniani: viwanda vya saruji huyachoma kwa joto kubwa mno badala ya makaa ya mawe, na mitambo mingine huyapika bila hewa yatoe mafuta. Zote zinafaa pale tu panapokuwa na mtu wa kupima kinachotoka bombani. Kikundi cha vijana hakiwezi kujenga hayo. Sheria ya mazingira ya Uganda ya 2019 inasema anayetengeneza au kuingiza bidhaa naye ana jukumu juu ya mwisho wake. Ni kifungu kizuri. Jukumu hilo bado halijafika Go-Down kuyachukua mawili yetu.

Kwa hiyo tuliandika barua kwa lile shirika. Hatukulalamika sana, kwa sababu wale vijana wao ni rafiki zetu na walikuja kwa moyo. Tuliuliza jambo moja: mradi ujao ukileta matairi, ni nani ameandikwa kuyaondoa yakichakaa, na pesa yake iko wapi? Afisa mmoja alitujibu kwa upole, akatushukuru, akasema bajeti yao haina mstari wa namna hiyo. Tumemwandikia tena kumwuliza mstari huo unaombwa kwa nani. Wakati tunangoja, yale mawili tumeyasimamisha chini ya mabati, yametobolewa, na kila Jumatatu mmoja wetu anayakagua kama yana maji.